Ukuta Haupo

Mwanga ndio uliotangulia kuhamia. Makochi yalikuwa bado yamefunikwa mashuka, zulia limeviringishwa na kusimamishwa pembeni, mapazia hayajapata fimbo zake. Mwanga wa alasiri ukaingia kwa dirisha la magharibi, ukatembea juu ya sakafu, ukafika pale ambapo siku zote ulikuwa ukigonga ukuta na kuishia. Safari hii haukuishia. Ulipita. Ukajinyoosha chini, mrefu kiasi, mwembamba kiasi, vumbi la matofali likielea ndani yake bila haraka ya kutua, na pale sakafuni ukachukua umbo la kitanda.

Mama mwenye nyumba aliuona. Akasema, "Dirisha tu hilo," akachukua ufagio.

Kazini walimwita Chapuchapu, na mumewe, ambaye hapendi maneno marefu, alimwita Chapu. Alikuwa mtunza stoo. Kazi hiyo ameisomea chuoni, na kwa uelewa wake dunia ina vitu vya aina mbili: vilivyowekwa mahali pake na vinavyosubiri kuwekwa. Huzuni nayo ni kitu. Itafutiwe rafu.

Ukuta haupo. Tuanzie hapo, maana yeye alianzia hapo kila asubuhi. Ulikuwepo kati ya sebule na chumba cha kulia, na mlango mmoja mwembamba katikati, na ng'ambo ya chumba cha kulia ndiyo jiko. Mama mkwe wake alipoishiwa na miguu, walimhamishia chumba cha kulia apate joto la jiko na mtu wa kumsikia. Meza ikafukuzwa, kitanda kikaingia. Watu wakawa wanakula sebuleni, sahani mapajani, na ukuta ukawa mmoja wa familia. Huku wanapunguza redio, kule mama anapumua. Huku mtu anacheka amejiziba mdomo, kule kikohozi kinauliza mnacheka nini. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Siku mama alipoondoka, ukuta ulibaki umesimama kama ndugu ambaye hajaambiwa.

Mume alikuwa mpima ardhi. Alikaa kimya siku za msiba, akakaa kimya na siku zilizofuata, na asubuhi moja, viatu mkononi, akasema:

"Chapu, uvunjwe."

"Nini kivunjwe?"

"Ukuta."

"Una hakika, Baba?"

"Uvunjwe. Siwezi kukaa nao nikitazamana nao."

Ukavunjwa. Fundi mwashi alikuja na nyundo, tindo na mdomo wake. "Mama, aliyejenga huu alikuwa na hasira na mtu," akasema huku jasho likimtoka. "Angalia, hata nyundo inaomba radhi." Vifusi vikatoka kwa toroli. Penye msingi akasawazisha saruji mpya, mstari wa kijivu uliokata sakafu toka upande hadi upande, kama kovu lililoshonwa na daktari mzuri.

Nyumba ikawa moja. Ukiwa kwenye kochi unaona sufuria. Ukiwa kwenye sufuria unaona mlango wa mbele. Chapu akasimama katikati, mikono kiunoni, akaita "Oi!" apime sauti yake itafika wapi. Ilifika kote. Akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni ile meza ilirudi kutoka ilikofukuziwa. Chapu akaitandika upande wa jikoni, akaita, "Chakula!" Binti yao akaja mbio, yuko umri ule ambao njaa haina adabu. Mume akainuka kwenye kochi, akajinyoosha, akatembea hadi kwenye mstari wa kijivu.

Akasimama.

Akageuka, akatoka kwa mlango wa mbele.

"Anaenda kufunga geti," binti akasema.

Wakamsikia kwenye kokoto. Akapita ubavuni mwa nyumba, akapita tangi la maji, akapita kamba ya nguo. Akaingia kwa mlango wa jikoni. Akanawa mikono, akaketi, akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa mbele yake. Wakamsogezea hata hivyo.

Ukuta haupo, na kila mtu anajua haupo. Lakini giza likianza kuingia, binti anainua mkono kuwasha taa kwenye swichi iliyoondoka na tofali, vidole vinabonyeza hewa. Chapu mwenyewe akibeba trei anageuza bega apenye mlango mwembamba, mlango ambao haupo, akiukwepa mwimo wake ambao haupo, na vikombe kwenye trei vinaingiwa na woga wa kugonga. Wakifika karibu na mstari sauti zao zinashuka zenyewe. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Zinashuka. Na ukipiga deki siku ya joto, saruji inatoa harufu ya mafuta ya kuchulia. Saruji mpya hiyo, ambayo haikuwahi kumjua mama.

Na mume akazunguka. Jua likiwaka, alizunguka. Mvua ikinyesha, alizunguka na mwavuli. Mtu mzima, mtu ambaye majirani wakigombania mpaka wa shamba, yeye ndiye anayeitwa aseme unapita hapa, anatoka sebuleni kwake kwenda kula chakula chake akiwa na mwavuli! Siku ya kwanza ilichekesha. Siku ya pili binti alicheka peke yake.

Kisha akaanza kuchelewa. Kisha akawa anapokelea sahani kwenye mlango wa jikoni, anakula amesimama nje chini ya kamba ya nguo, mashati yake mwenyewe yakimpapasa kichwani, nyumba ameipa mgongo. Alikonda shingo. Ukimwita, anaitikia kwa sauti ya mtu aliye kwa jirani.

Chapu alikitaka kitu kimoja, na tukiseme wazi kama ambavyo yeye angekisema: mumewe avuke hicho chumba kwa miguu yake, akae nao. Basi. Kilichobaki kitajipanga.

Hivyo akashika samani. Mtunza stoo akishindwa na watu hurudi kwenye vitu.

Alianza na kochi refu. Aliligeuza liutazame upande wa jikoni, ili mume akikaa aone meza, aone sahani yake inavyotoa mvuke, tumbo limshike mkono limlete. Mume akahamia kiti kingine, kinachotazama mlango.

Akaja na zulia. Alilitandika juu ya mstari, nusu huku, nusu kule, zulia zito la rangi ya udongo ambalo mguu ukiligusa unataka kuendelea.

"Mama," binti akasema, "unamtega Baba kama panya."

"Shika ncha hiyo, na mdomo ushike pia."

Mume alikuja hadi katikati ya zulia. Hapo chini yake, pasipoonekana, mstari ulikuwa umelala. Akavua ndala. Akazipanga vizuri, moja kando ya nyingine, kama mtu anayetaka kuingia kwa mgonjwa. Akasimama peku, akasikiliza. Chapu naye, jikoni, mwiko ukiwa hewani, akajikuta anasikiliza. Walisikiliza wote wawili kwa muda mrefu, na kilichosikika ni ile namna nyumba inavyokaa kimya inapokuwa na mtu aliyelala.

Kisha mume akarudi nyuma, akatoka peku, na kokoto zikamla nyayo njia nzima.

Chapu akaleta taa ya kusimama, yenye shingo ndefu, akaiweka karibu na meza. Nuru ikamwagika kule vizuri, ya joto, ya kumwita mtu. Ikaita nondo. Ikamwita binti na vitabu vyake. Mume alikaa kwenye kiti chake gizani, na nusu ya chumba ikawa yao, nusu ikawa yake, na kati yao kikasimama kitu ambacho ukikitazama hukioni, na usipokitazama unaogopa kukigonga.

Ewe chumba kikubwa, ulitaka nini? Ulipewa kochi, ukapewa zulia, ukapewa na taa. Mwanamke huyu alikusugua, akakupaka rangi ya maziwa, akakutundikia picha. Kila alichokuletea ulikipokea kama mgeni mwenye kiburi anavyopokea chai: akaishika, asinywe.

Wifi yake alikuja kuwatembelea. Dada wa mume, mwanamke wa sauti, anayeingia nyumba ya mtu kama karani wa kodi.

"Wifi! Hii sebule au uwanja wa mpira? Nikikaa huku nikitaka chai, nikupigie simu?"

"Piga. Kwa salio lako."

"Nyumba njema si mlango, nilijua hivyo. Sasa hii yenu haina hata mlango wa kuisingizia."

Walicheka. Wifi akawa anaelekea jikoni huku bado anacheka, pochi ikibembea mkononi, na kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikuwa amefika kwenye mstari. Akashusha pochi taratibu, mikono miwili, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Aliporudi kwenye kochi alikuwa ameshusha sauti, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyetumwa dukani akakuta limefungwa.

"Wifi," akasema, "kaka yangu anaisha. Sikulaumu, wewe ndiye uliyemwosha mama yetu, Mungu anakuona. Lakini rudisheni ukuta."

Kabla Chapu hajajibu, sauti ya mume ikaja kutoka nje, kupitia dirisha la jikoni, katikati ya mashati:

"Nimeshaongea na mwashi. Anakuja Jumatatu."

Chapu aliokota vikombe. Lakini yeye ni mtu anayejua uzito wa boksi kwa kulitazama tu, na hili alilitazama akaujua uzito wake: ukuta ukirudi, mumewe atapata pa kukaa na mama yake. Ataingia nyuma ya ukuta, na hatatoka. Watakaa huku wawili, mama na binti, sahani mapajani, wanapunguza redio.

Jumapili alimwamsha binti mapema. Walitoa kila kitu walipokiweka. "Sukuma. Inua huo mguu, usiburute, utachora sakafu. Kulia kidogo. Kidogo nimesema! Angalia ukuta!"

Binti akasimama, kochi mikononi. "Upi, Mama?"

Wakatazamana juu ya kochi. Binti akaanza kucheka, na Chapu akacheka, na vicheko vyao vikaenda hadi katikati ya chumba, vikasita, vikarudi vimepungua.

Wakaendelea. Kochi refu likahamia chini ya picha. Viti viwili vikageuziana nyuso. Meza ya kulia ikasogezwa, ikatazamwa, ikasogezwa tena. Stuli ikawekwa hapa; hapana, pale. Taa ikapewa kona, ikainamisha shingo yake ndefu. Nje ilianza kunyesha mvua nyepesi, ile inayonyesha jua likiwa linawaka, na mchana ukapita wala hawajakaa. Hadi alasiri, binti akiwa juu ya ngazi anapachika fimbo ya pazia, alipogeuka kuomba msumari akaacha mkono hewani.

"Nini tena?"

"Mama, mbona hapo umepaacha?"

"Wapi?"

"Hapo kati. Na si leo tu. Juzi kochi ulilikomesha hapo hapo. Zulia umelikunja ncha lisifike. Hata meza, tazama, umeipinda kidogo ikwepe." Akashuka ngazi moja kumpisha. "Ukiwa chini huwezi kupaona. Njoo upande."

Chapu akapanda kubishana. Alipofika juu, akaona.

Katikati ya kila alichokipanga kulikuwa na sakafu tupu. Utupu mrefu kiasi, mwembamba kiasi. Makochi, viti, meza, stuli, taa iliyoinamisha shingo: vyote vilisimama kuzunguka pale, karibu lakini si karibu sana, kama watu wanavyosimama kuzunguka kitanda. Na hakuna aliyevituma kusimama hivyo ila mikono yake mwenyewe.

"Baba anazunguka kwa nje," binti akasema polepole. "Wewe unazunguka kwa ndani."

Siku nyingine yoyote angeambiwa ashike adabu yake. Chapu akasema, "Shikilia ngazi," akashuka.

Akachukua stuli. Kitu chepesi, mtoto angekibeba. Akaenda nayo hadi ukingoni mwa ule utupu, akainama aiweke, na mikono, mikono hii inayoshusha maboksi kutoka kwenye lori bila kuomba msaada, ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa tena. Akaiacha stuli ilale ubavu, akaingia mwenyewe.

Miguu ilipajua. Hapa ndipo aliposimama asubuhi na beseni. Hapa ndipo goti lilipoegemea, mkono mmoja begani, mkono mmoja nyongani, "Haya Mama, tunageuka, moja, mbili," na ule mwili mwepesi ukija upande wake kama mlango uliotiwa mafuta. Asubuhi kulia. Mchana kushoto. Mgongo usichubuke. Mama hakuchubuka hata siku moja. Wauguzi walipokuja walimsifu. Kisha watu wakambeba mama kwenda kumzika, na mikono ikabaki na kazi yake.

Basi ikageuza kochi. Ikageuza meza. Kulia kidogo, kushoto kidogo, moja, mbili.

Akapiga magoti. Kisha akakaa kabisa, sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

"Mama," akasema, na hakuwa anamwita mtu yeyote aliye hai, "nimechoka kugeuza."

Juu ya ngazi binti alishika fimbo ya pazia kwa mikono miwili.

Mume alikuwa kizingitini mwa mlango wa mbele, amekwisha kufungua mwavuli aanze safari yake ya kwenda jikoni. Akageuza kichwa kuuliza kama chai ipo. Akaona viti. Akaona kochi. Akaona, kati yake na jiko, mkewe yuko chini.

"Chapu! Umeanguka?"

Chapu akabaki pale pale, miguu imenyooka.

Akaja. Alikuja na viatu vyake vya tope, na mwavuli wake wazi juu ya kichwa, ukaipiga taa shingo, ukang'oa picha moja ukutani, ukuta wa kweli. Alikuja moja kwa moja, na mstari wa kijivu ukapita chini ya miguu yake bila kuulizwa na bila kuaga. Hakuuona. Binti ndiye aliyeuona.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Sakafu ina baridi."

"Najua ina baridi."

"Inuka basi."

"Niinuke niende wapi? Tangu asubuhi napanga nyumba hii na sina pa kukaa. Kaa wewe."

Hapo ndipo alipotazama miguu yake. Akaitazama kwa muda, kama si yake. Mwavuli ukainama, na maji yakadondoka kwenye zulia, kwenye kochi, kwenye mabega ya mwanamke ambaye kikombe kilicholowa juu ya meza kinampandisha sauti, na mwanamke huyo hakutafuta hata kitambaa. Mume akashuka, goti moja, goti la pili, magoti yote yakilia. Akakaa.

"Baba," binti akasema kutoka juu, "funga mwavuli. Ndani hakunyeshi."

Akajaribu. Vidole havikupata kitufe. Chapu akamnyang'anya, akaufunga kwa mkono mmoja, akaulaza chini kando yao. Ukawa kitu cha kwanza kuwekwa mahali pale.

Wakakaa. Mvua ilikuwa ikiisha kwenye mabati, tone hapa, tone pale.

"Kichwa kilikuwa huku," mume akasema.

"Huku."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Chapu hana maneno ya kupamba. Hakuwahi kuwa nayo. "Ukutani," akasema.

"Siku zote?"

"Siku zote. Alikuwa anawasikiliza ninyi mliokuwa upande wa pili. Mkishusha sauti alikasirika. Aliniambia, waambie waongee, mimi si maiti."

"Hukutuambia."

"Niliwaambia. Mkashusha sauti zaidi."

Mume akatoa mlio ambao ulianza kama kicheko na ukapotea njia. Akajifuta uso kwa kiganja chote. Kisha akageuza kichwa taratibu, akatazama alikotazama mama yake.

Na Chapu akatazama. Kutoka pale chini, alama ya ukuta ilikuwa mstari mwembamba tu, na ng'ambo yake ilikuwa sebule nzima: kochi walilolia chakula, kiti ambacho mume alikaa gizani, ndala zake chini ya kiti, redio, dirisha, mti wa jirani unaometa kwa mvua. Ndivyo ilivyokuwa upande ule. Siku zote ndivyo ilivyokuwa, hatua chache kutoka usoni kwake, na mama hakuiona.

"Nitampigia mwashi," mume akasema.

"Umwambie nini?"

"Asije. Hapa pana watu."

Binti akashuka kwenye ngazi, akaja, akajipenyeza kati yao kwa nguvu kama anavyofanya kwenye foleni, na hakuna aliyeshusha sauti kumwambia asogee.

Jua likatoka lote. Mwanga ukaingia kwa dirisha la magharibi, ukatembea juu ya sakafu, ukavuka mstari, ukaja kujinyoosha mahali pake pa kila siku. Ukakuta magoti. Ukasita. Ukapanda juu yake, magoti ya tope, magoti ya deki, magoti ya msichana, ukapanda vifuani, ukawafikia nyusoni, wakafinya macho. Haukuwa tena na umbo la kitanda. Na vumbi la matofali, lile lililoelea humo ndani tangu siku ya nyundo, likaanza kushuka: kwenye mabega yao, kwenye nywele zao, kwenye mikono ya Chapu iliyofunguka mapajani. Aliliona likitua. Akaliacha.